Mbwa Akae Uani, Asikae Njiani

SAFU YA AFYA: MAONI

Mbwa ni mnyama mwenye faida kijijini. Usiku anabweka mwizi anapokaribia. Shambani anafukuza ngedere na nguruwe mwitu. Malishoni anafuatana na mchungaji. Kwa hiyo safu hii haisemi kwamba mbwa waondolewe vijijini. Inauliza swali moja tu. Mbwa wako yuko wapi sasa hivi, wakati unasoma gazeti hili?

Wengi watajibu: "Sijui. Ametoka tangu asubuhi."

Wengine watajibu: "Yuko pale kwenye mwembe. Nimemfunga mnyororo."

Wachache watajibu: "Yumo ndani ya ua, na lango limefungwa."

Maoni yangu ni kwamba jibu la tatu ndilo jibu salama. Jibu la kwanza ni la hatari. Jibu la pili linaonekana zuri, lakini nalo lina hatari yake. Nitaeleza sababu. Kisha nitaeleza jinsi ya kumweka mbwa mahali salama kwa vitu ambavyo tunavyo vijijini.

HILI NI JAMBO LA AFYA

Baadhi ya watu wanafikiri kwamba kumfungia mbwa ni jambo la bwana mifugo tu. Sivyo. Ni jambo la afya ya watu, na hasa afya ya watoto.

Ugonjwa mkubwa tunaoupata kutoka kwa mbwa ni kichaa cha mbwa. Duniani kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Wengi wao ni watu wa Afrika na Asia, na wengi wanaishi vijijini. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 hivi ni watoto wa chini ya miaka 15. Hapa Tanzania, wataalamu walikadiria mwaka 2002 kwamba watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu. Wengi wao hufia nyumbani, na vifo vyao havionekani katika vitabu vya hospitali.

Virusi vya kichaa cha mbwa ni vijidudu vidogo sana. Havionekani kwa macho. Vinakaa katika mate ya mbwa mgonjwa. Mbwa akiuma, vinaingia katika kidonda. Kisha vinasafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki moja, na inaweza kufika mwaka mzima. Katika muda huo wote mtu anajiona mzima. Kidonda kinapona na watu wanasahau. Kisha ugonjwa unatokea. Mgonjwa anahisi kuwashwa au ganzi pale alipoumwa. Anapata homa. Anashindwa kumeza maji na anayaogopa. Anahangaika, kisha anakufa.

Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya hospitali wala ya kienyeji inayoponyesha. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa kabla ya dalili. Hapo ndipo ua wa nyumba unapoingia.

MBWA ANAYEZURURA

Mbwa hazururi kwa ukorofi. Anazurura kwa sababu tatu. Kwanza, ana njaa. Pili, anafuata jike aliye kwenye joto. Tatu, hakuna kinachomzuia.

Akizurura anafika mbali. Anapigana na mbwa wa kijiji kingine. Anakutana na mbweha au fisi porini. Wanyama hawa nao wanaweza kuwa na kichaa. Mbwa akiumwa huko, jioni anarudi nyumbani kama kawaida. Analala mlangoni. Watoto wanamshika kichwa. Wewe hujui kwamba ameumwa wala ni nani aliyemuuma. Wiki chache baadaye anabadilika.

Mbwa anayezurura analeta pia minyoo. Anakula matumbo na maini mabichi machinjioni. Katika sehemu za wafugaji kaskazini mwa Tanzania, na kule Turkana nchini Kenya, kuna ugonjwa unaotokana na tegu mdogo sana wa mbwa. Mbwa anakula maini au mapafu yenye malengelenge ya maji. Tegu wanakua tumboni mwake. Mayai yao yanatoka na kinyesi. Mtu akiyameza kwa mikono michafu au kwa maji machafu, lengelenge linaota ndani ya ini lake au pafu lake. Linakua polepole kwa miaka. Mara nyingi mgonjwa anahitaji kupasuliwa.

Kwa hiyo mbwa aliyezurura mchana kutwa anarudi na vitu usivyoviona. Kumweka uani ni sawa na kufunika mtungi wa maji. Huzuii kila kitu, lakini unazuia uchafu mwingi.

MNYORORO MFUPI HAUTOSHI

Baadhi yetu tumekwisha kuelewa hatari ya mbwa kuzurura. Basi tunachukua mnyororo au waya, tunamfunga mbwa kwenye mti. Anakaa pale mchana na usiku. Miezi inapita, na watoto wanaujua mti ule kuwa ni "mti wa mbwa."

Hii si njia salama, ingawa wengi wanaidhania hivyo.

Mbwa aliyefungwa mahali pamoja siku zote anakuwa mkali. Hawezi kukimbia anapoogopa. Njia yake moja ya kujilinda ni kuuma. Mtoto mdogo haoni mwisho wa mnyororo uko wapi. Anafuata mpira, au anampelekea mbwa chakula, na hapo anaumwa. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mara nyingi mbwa anamuuma usoni au kichwani. Kidonda cha kichwa kiko karibu na ubongo. Kwa sababu hiyo kinahitaji haraka zaidi.

Mnyororo unaumiza mbwa mwenyewe pia. Unajizungusha kwenye mti mpaka mbwa anashindwa kufikia maji. Kivuli cha asubuhi kinahama, na saa sita mbwa yuko juani. Waya wa shingoni unakata ngozi na kidonda kinatoa funza. Mbwa aliyefungwa karibu na ukuta akiruka upande wa pili, ananyongwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama si haki ya mwenye mnyama.

Mnyororo una kazi yake. Ni wa muda mfupi. Mfunge mbwa mgeni anapoingia, au bwana mifugo anapokuja kuchanja, au wakati unatengeneza lango. Usiufanye mnyororo kuwa nyumba yake.

UA NDIO NJIA BORA

Njia iliyo bora ni kumzungushia mbwa mahali pake. Si lazima uzungushie kaya nzima. Unaweza kuzungushia sehemu moja ya uwanja, nyuma au ubavuni mwa nyumba. Mbwa wa kienyeji anatosha katika uwanja wa hatua tano kwa hatua sita, ikiwa anafunguliwa pia usiku. Ukiweza kumpa zaidi, mpe.

Vifaa tunavyo. Tumia fito zilizosimamishwa karibu karibu. Tumia mianzi, matete yaliyofungwa vizuri, au mabanzi yanayobaki kwa wapasua mbao. Mwenye uwezo anunue wavu wa chuma. Mwenye subira apande uzio wa minyaa. Lakini jihadhari na minyaa. Utomvu wake mweupe unachoma ngozi na unadhuru macho. Watoto wasiukate. Minyaa pia inachukua muda kukua, na mbwa anapita chini yake. Mpaka ishikane, weka fito kwa ndani.

Unapojenga, angalia mambo haya sita:

1. Urefu. Ua ufike mita moja na nusu au zaidi, yaani karibu na kidevu cha mtu mzima. Usiweke pipa, kuni wala kinu karibu na ua. Mbwa atapanda juu yake na kuruka.

2. Chini. Mbwa ni mchimbaji. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30, yaani urefu wa rula ya shule. Simamisha fito ndani ya mtaro, panga mawe, kisha shindilia udongo.

3. Nafasi kati ya fito. Kichwa cha mbwa kisipite. Mkono wa mtoto usipite pia. Mbwa mwingine akipita nje, pua zao zisikutane.

4. Lango. Lifunguke kuelekea ndani. Mbwa akilisukuma kutoka ndani, linazidi kujifunga. Weka komeo juu, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Ua wenye lango bovu ni sawa na hakuna ua.

5. Kivuli na maji. Jenga kibanda kidogo chenye paa la nyasi. Bati peke yake lina joto kali mchana. Inua sakafu kidogo ili mvua isiingie. Weka maji safi katika chombo kizito ambacho hakipinduki.

6. Njia za watu. Uwanja wa mbwa usiwe kwenye njia ya chooni, ya jikoni, au ya kisimani. Mgeni asilazimike kupita kwa mbwa ili abishe hodi. Ni vizuri kutundika kipande cha chuma langoni, mgeni akigonge kwanza.

Mambo matatu msifanye. Msitegemee seng'enge peke yake. Miiba yake inamchana mbwa, naye bado anapita katikati. Msitie vipande vya chupa juu ya ua wanapocheza watoto. Na msiunganishe waya wa ua na umeme wa nyumbani. Sasa umeme umefika katika vijiji vingi, na mtu anaweza kudhani kwamba umeme kidogo utamtisha mbwa. Umeme wa nyumbani unaua. Utaua mbwa, na utaua mtoto wa jirani aliyeshika ua kwa mkono wenye maji.

KAMA BADO HUNA UA

Najua kwamba si kila mtu anaweza kumaliza ua mwezi huu. Wakati unakusanya fito, tumia waya wa kutelezea. Ni bora sana kuliko mnyororo wa mtini.

Simamisha nguzo mbili imara. Ziwe mbali kwa hatua nane au kumi. Vuta waya mnene kati ya nguzo hizo, juu ya kichwa cha mtu mrefu, ili mtu asikatwe shingo gizani. Kabla ya kuufunga waya, ingiza pete ya chuma. Funga mnyororo mwepesi kwenye pete. Sasa mbwa akitembea, pete inateleza naye. Anaweza kwenda na kurudi, kulala kivulini na kufikia maji yake.

Weka fundo au kizuizi kwenye waya kabla ya kila nguzo, ili mbwa asifike kwenye nguzo na kujizungusha. Mnyororo uwe na urefu wa kumwezesha mbwa kulala bila kuvutwa shingo. Lakini usifike kwenye ukuta, ua au kisiki ambacho anaweza kukiruka. Shingoni tumia mkanda mpana wa ngozi au wa turubai. Usitumie waya wala kamba nyembamba ya katani. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kati ya mkanda na shingo. Mbwa mdogo anakua, kwa hiyo pima mkanda kila wiki.

Chora mstari wa majivu au panga mawe pale mnyororo unapoishia. Waonyeshe watoto. Waambie: "Ndani ya mawe haya ni kwa mbwa. Hatuingii."

WATU WANASEMAJE?

Ninapozungumza juu ya jambo hili, nasikia majibu ya namna nyingi. Ni vizuri tuyajibu moja moja.

"Mbwa akifungiwa hawezi kulinda." Mbwa halindi kwa kuzurura. Analinda kwa masikio, pua na sauti. Mbwa aliyekwenda kijiji cha pili kufuata jike hakusaidii mwizi akija. Mchana mbwa akae katika uwanja wake. Usiku, ikiwa kaya yako ina ua mzima na lango limefungwa, mfungulie azunguke humo ndani. Asubuhi kabla watoto hawajatoka, mrudishe. Hapo unalala na mlinzi wako yupo nyumbani.

"Mbwa wangu anachunga mbuzi." Huyo anafanya kazi. Aende na mchungaji, arudi na mchungaji. Vivyo hivyo mbwa anayelinda shamba. Ubaya uko kwa mbwa anayetoka peke yake bila mwenyewe kujua.

"Sina chakula cha kumpa, ndiyo maana namwachia ajitafutie." Jibu hili linaumiza, kwa sababu ni kweli kwamba nyumba nyingi zina shida. Lakini mbwa anayejitafutia anakula kuku wa jirani, mayai na uchafu. Mwisho jirani anakuja kudai. Mbwa mmoja anaweza kulishwa ukoko wa ugali, mchuzi wa dagaa na mifupa mikubwa iliyobaki. Ikiwa nyumba haiwezi kulisha mbwa watano, ifuge mmoja. Bwana mifugo anaweza kuwahasi madume, ili wasihangaike kufuata majike. Jike akiwa kwenye joto, kwa muda wa wiki tatu hivi, asitoke kabisa. Hivyo hutapata watoto wa mbwa usioweza kuwalisha.

"Ua ni gharama." Tulinganishe. Fito, kamba na siku tatu za kazi. Upande wa pili, mtoto ameumwa. Zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa cha mbwa. Mara nyingi inabidi kwenda hospitali ya wilaya. Chanjo hiyo hutolewa kwa sindano zaidi ya moja, kwa siku tofauti. Kwa hiyo kuna nauli ya kwenda na kurudi, mara nyingi, ya mtoto na mzazi. Kazi ya shamba inasimama. Wengine huuza mbuzi au mahindi ili wamalize sindano. Wengine hukatisha sindano kwa kukosa nauli, na hapo mtoto yuko hatarini. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

"Dawa ni kuwaua mbwa wote." Wapo wanaoweka sumu. Sumu haichagui. Inaua kuku, nguruwe na paka, na mtoto anaweza kuiokota. Tena kuua mbwa hakumalizi kichaa. Mbwa wengine huletwa na wengine huzaliwa, nao hawana chanjo. Ukimwua mbwa aliyechanjwa, umeua kinga ya kijiji.

UA NA CHANJO NI NDUGU WAWILI

Mtu asije akasema: "Mbwa wangu yumo uani, kwa hiyo hahitaji chanjo." Lango linaweza kusahauliwa siku moja. Mbweha anaweza kuingia usiku. Mbwa wote wachanjwe kila mwaka, pamoja na watoto wa mbwa. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, kichaa kinakosa njia ya kuenea katika kijiji. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Ni siku nzuri ya kumwuliza afisa mifugo wenu chanjo itakuja lini.

Tuna mfano wetu wenyewe. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji kuanzia mwaka 2010. Kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Lakini mwaka 2016 ugonjwa ulirudi, ukiwa umeingizwa kutoka nje. Ikabidi chanjo ianze tena, na ugonjwa ukadhibitiwa tena. Tunajifunza mambo mawili. Jambo la kwanza, ugonjwa huu unaweza kumalizika hata katika nchi yetu. Jambo la pili, unaweza kurudi ikiwa mbwa wanaingia na kutoka bila mtu kuangalia.

Kuna sababu nyingine ya kupenda ua, na wengi hawaijui. Mbwa anapomuuma mtu, daktari atauliza: "Mbwa huyo yuko wapi?" Mbwa aliyefungiwa anaweza kuangaliwa kwa siku 10. Kama alikuwa na virusi katika mate siku aliyouma, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa na kufa. Akibaki mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini mbwa asiyejulikana, au aliyekwisha kuuawa na kutupwa, hatoi jibu lolote. Basi nyumba inabaki na hofu na gharama mpaka mwisho.

Angalizo kubwa: siku 10 ni za kumwangalia mbwa. Si za kumsubirisha mgonjwa. Matibabu yaanze siku ile ile.

MBWA AKIKUUMA

Kata sehemu hii uitundike ukutani.

1. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Ni muda mrefu. Usiharakishe. Sabuni inaua virusi. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kipande ya kufulia.

2. Usipake pilipili, majivu, mafuta, dawa ya betri wala majani.

3. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Mchubuko na mate ya mbwa kwenye kidonda pia ni hatari. Kidonda kikubwa kinaweza kuhitaji dawa nyingine ya kinga pamoja na chanjo.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe zilizoandikwa katika kadi.

5. Mbwa afungiwe peke yake katika banda. Asishikwe. Mwarifu afisa mifugo na mwenyekiti wa kijiji.

Mjue pia mbwa mwenye kichaa. Mwingine anakuwa mkali ghafla, anauma vijiti na mawe, na anakimbia ovyo. Mwingine anakuwa mpole kupita kawaida. Anajificha, taya linalegea, mate yanachuruzika, sauti inabadilika. Msijaribu kumfungua mdomo mkidhani amekwamwa na mfupa.

KAZI YA KILA MTU

Baba au mama mwenye kaya, kazi yako ni ua na lango. Watoto, kazi yenu ni kutomchokoza mbwa, kutomsogelea anapokula, anapolala au anaponyonyesha, na kusema haraka mbwa akiwauma. Wengi hawasemi kwa kuogopa kuchapwa. Wazazi, msimchape mtoto aliyeumwa. Mtoto akinyamaza kwa hofu, hapati chanjo.

Anayefagia uwanja wa mbwa afukie kinyesi na kunawa mikono kwa sabuni. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo. Machinjio ya kijiji yawe na ua na shimo, na matumbo yenye malengelenge yafukiwe au yachomwe.

Serikali ya kijiji nayo ina kazi. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kukubaliana kwamba kila mbwa awe na mwenyewe, awe na chanjo, na asitoke peke yake. Makubaliano hayo yaandikwe. Watu washirikiane kujenga. Wazee na wajane wasioweza kukata fito wasaidiwe. Tunajengeana nyumba na tunalimiana mashamba. Hatuwezi kushindwa kujengeana ua wa mbwa.

Wizara na halmashauri nazo zisituache. Mwananchi akijenga ua na kumleta mbwa wake siku ya chanjo, ana haki ya kukuta chanjo ipo. Na mtoto aliyeumwa ana haki ya kukuta sindano karibu, si safari ya siku nzima. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asiwepo mtu wa kufa kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Lengo hilo halitafikiwa kwa maneno ya mjini. Litafikiwa kwa chanjo zinazofika vijijini, na kwa malango yanayofungwa jioni.

Leo jioni, kabla ya kulala, zunguka uwanja wako. Tazama chini ya ua kama kuna shimo. Tikisa komeo. Tazama maji ya mbwa. Kama bado huna ua, hesabu fito unazohitaji, na kesho anza na kumi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Katika kijiji chetu kuna mbwa wangapi? Wangapi wanalala uani?

2. Kwa nini mnyororo mfupi unaweza kumfanya mbwa awe hatari zaidi?

3. Ni vifaa gani vya kujengea ua vinapatikana hapa kwetu bila kununua?

4. Mtoto akiumwa leo, chanjo iko wapi, na nauli ni kiasi gani? Nani atampeleka?

5. Tunataka mkutano wa kijiji ukubaliane juu ya jambo gani kuhusu mbwa?